Jiwe limefaulu maabara, lakini mwamba una nyufa: nichukue nguvu gani?

BintiTimbo, Malindi

Hamjambo wanajamvi. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, nina diploma, na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Tunajenga nyumba ya wageni ya ghorofa tatu upande wa Casuarina, juu ya ukingo wa matumbawe, bahari iko chini yake. Kutoka uso wa ardhi hadi mchangani, maji yakiwa yamekupwa, nimepima mita 6 na nusu. Nguzo ni kumi na mbili. Zile kubwa kila moja inashusha kilonyutoni 900 kwenye kitako cha mita 1.5 kwa 1.5, nikigawanya napata kilopaskali 400, yaani kilonyutoni 400 kwa kila mita ya mraba. Mbili za mbele ziko mita 4 tu kutoka ukingoni, kwa sababu mwenye nyumba anataka baraza itazame maji.

Vipande vitatu vya jiwe vilipelekwa maabara, majibu yakarudi megapaskali 14, 15 na 16. Msimamizi wangu akasoma wastani, akafunga faili. Hesabu yake ni kwamba megapaskali 15 ni kilopaskali 15,000, sisi tunaweka 400, basi mwamba una nguvu zaidi ya mara 37 ya tunachohitaji. Chimbeni. Sikuwa na la kumjibu, maana tarakimu zake hazina kosa.

Lakini mimi nimezaliwa timboni. Baba yangu alikata mawe ya kujengea miaka mingi, na nikimpelekea chai saa nne nilikuwa namkuta amepiga magoti, anapitisha kidole kwenye ufa kabla hata ya kushika sululu. Jiwe hakulipiga pale lilipo gumu. Alilifuata pale lilipokwisha kuachana na mwenzake, akaingiza mtaimbo, akaegemea, likatoka zima kama droo ya kabati. Jiwe lile lile ukilipiga nyundo katikati linakurudisha mkono. Kwa hiyo ninajua kwa macho yangu kwamba jiwe gumu linaweza kung'olewa na mtu mmoja mwembamba. Ninachokosa ni namna ya kulisema hilo kwa tarakimu, ofisini, mbele ya mtu mwenye faili.

Juzi ilikuwa bamvua. Maji yalipokupwa sana nilishuka chini ya ukingo na futi kamba. Bahari imeula mwamba kwa chini, kuna mdomo unaoingia ndani mita 1.2. Nikapanda juu tena. Mita 2.5 kutoka ukingoni kuna ufa unaokwenda sambamba na bahari, nimeufuata mita 9 ukaingia chini ya mizizi ya mvinje. Upana wake sarafu inapita, na ndani yake mna udongo mwekundu. Nyufa nyingine fupi zinaukata zikielekea bara. Jambo la mwisho, na ndilo linalonikosesha usingizi: vile vipande vitatu vya maabara vyote vilichukuliwa juu, kwenye ganda gumu. Michoro inataka vitako vikae kina cha mita 1.2. Ganda lenyewe, nilipoliona kwenye ukingo, linaishia hapo hapo. Chini yake ni matumbawe yaliyovunjika vunjika, vipande vya kiganja, vimeshikana kidogo tu.

Naomba kuuliza, wahandisi mnatokaje kwenye nguvu ya jiwe la mkononi mpaka nguvu ya mwamba mzima wenye nyufa?

Kokoto_Kilifi

Dada, sisi huku huwa tunagawanya jibu la maabara kwa 10 halafu tunaendelea. 15 ukigawanya kwa 10 ni 1.5, yaani kilopaskali 1,500, bado iko juu ya 400 yako. Nimejenga hivyo nyumba nyingi za ghorofa moja na mbili na hakuna iliyopasuka. Ila zote zilikuwa mbali na bahari, hilo nalikiri. Mimi ningeogopa ule ufa kuliko hizo megapaskali.

MzeeMwamba

Mwanangu, nimefanya kazi ya mahandaki na mabwawa miaka 27 na sasa nimestaafu, nakaa Malindi. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa furaha, maana ndilo kiini cha fani yetu. Nitalijibu kwa urefu, na ukichoka rudi kesho.

Usiku wa tarehe 2 Desemba 1959, kusini mwa Ufaransa, bwawa la Malpasset juu ya mji wa Fréjus lilipasuka na watu zaidi ya 400 wakafa. Zege lilikuwa zima. Kilichotoka ni ubavu wa kushoto wa mlima ulioshikilia ukuta. Maji yalikuwa yameingia kwenye nyufa za mwamba, yakasukuma kutoka ndani, na kabari kubwa iliyokatwa na nyufa hizo na ufa mkuu wa chini ikasogea pamoja na ukuta. Ukichukua kipande cha mwamba ule ukakiweka kwenye mashine, kinastahimili. Kipande hakikuwa na habari ya kabari. Miaka mitatu baadaye, 1962, Leopold Müller na wenzake wakaanzisha mjini Salzburg jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa mekanika ya miamba, na swali walilolibeba ni hili lako.

Sasa angalia jinsi sampuli inavyochaguliwa. Mtu anakwenda kwenye mwamba, anavunja. Kipande chenye ufa kinagawanyika mkononi, anakitupa. Kile kisicho na ufa ndicho kinachokatwa vizuri, kinafungwa, kinapelekwa. Jiwe linalofika maabara ni lile tu lililokubali kufika. Hakuna aliyedanganya, lakini faili la msimamizi wako lina habari za mawe yaliyonusurika. Na hata bila nyufa, ukubwa peke yake unapunguza nguvu. Kwa kanuni ya wataalamu wa miamba Evert Hoek na Ted Brown, jiwe la kipenyo cha milimita 200 lina karibu asilimia 78 ya nguvu ya lile la milimita 50, kwa sababu kubwa linabeba kasoro nyingi zaidi.

Hao hao wawili ndio waliotupa njia mwaka 1980. Walikuwa na tatizo kama lako, kwamba huwezi kuuweka mlima kwenye mashine. Wakakusanya majaribio machache ya miamba iliyovunjika yaliyokuwapo, maarufu likiwa lile la andesaiti, jiwe la volkano, ya mgodi wa Panguna kule Bougainville, ambako miche minene (vipande virefu vya mviringo vinavyotolewa na mashine ya kutobolea) ya mwamba wenye nyufa ilipimwa ikiwa bado imeshikana. Kutoka hapo wakaunda fomula inayoanza na nguvu ya jiwe zima kisha inaipunguza kadiri mwamba ulivyovunjika. Mwaka 1994 Hoek akaongeza kipimo cha kuonyesha huko kuvunjika, kinachoitwa GSI. Kinakwenda karibu na 0 mpaka 100, na unakitoa kwa kutazama mambo mawili: vipande vimefungamana vipi, na nyuso za nyufa zina hali gani. Nyuso safi zenye kukwaruza zinakupandisha, nyuso laini zilizooza zenye udongo zinakushusha.

Kwa mwamba usiobanwa ubavuni na ambao haukutikiswa na baruti, fomula inakuwa fupi. Nguvu ya mwamba ni nguvu ya jiwe mara s^a, yaani s iliyopandishwa kipeo a, ambapo s = e^((GSI − 100)/9), e ni ile namba 2.718, na a ni nusu na kitu kidogo, kinachoongezeka GSI ikishuka. Tumia megapaskali 15 zako. GSI ikiwa 70, mwamba una megapaskali 2.8. Ikiwa 50, unabaki na 0.9. Ikiwa 30, ni 0.26, na hapo kilopaskali 400 zako zimekwisha kuzidi. Jiwe ni lile lile katika hesabu zote tatu. Ndiyo maana Kokoto_Kilifi akigawanya kwa 10 hakosei sana kwenye mwamba mzuri, ila hiyo 10 haijui imekanyaga wapi.

Na mkichimba kwa baruti au kwa mashine ya kupasua bila uangalifu, kuna kigezo kingine, D, cha mwamba uliojeruhiwa. Kwa GSI 50 na D ya 0.7, ile 0.9 inashuka mpaka 0.38. Lakini jeraha liko kwenye ngozi iliyoguswa tu, usiitumie D kwa mwamba wote mpaka kina chote. Nimeona vijana wakifanya hivyo na kupata hesabu za kutisha zisizo na maana.

Hapa sasa nisikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wenye programu nzuri za kompyuta wanapokosea. Njia hii ni ya mwamba uliokatwa na nyufa nyingi, pande nyingi, na vipande vidogo kulinganisha na kile unachojenga. Ukiweka sufuria juu ya gunia la mbaazi, gunia zima linakujibu, na unaweza kusema gunia lina nguvu hii. Ukiweka sufuria juu ya mafiga matatu, hakuna nguvu ya mafiga kwa ujumla. Kuna figa hili, na hili, na hili, na moja likiteleza chakula kimemwagika. Matumbawe yako ya chini, vipande vya kiganja chini ya kitako cha mita 1.5, ni gunia. Ukingo wako wenye ufa mmoja mrefu na mdomo chini yake ni figa. Usitumie GSI kwa ukingo. Hata ukipata tarakimu, itakuwa tarakimu ya kitu kisichokuwepo.

Kwa ukingo unauliza maswali ya pande la mwamba: limekatwa na nini nyuma, limekaa juu ya nini, maji yakijaa ndani ya ufa yanalisukuma kiasi gani. Ufa wenye nyuso za kukwaruza una msaada. Mtafiti aitwaye Patton alionyesha mwaka 1966 kwamba meno ya uso mmoja yakipanda juu ya meno ya mwenzake, pembe ya mpando ule unaijumlisha na pembe ya msuguano. Lakini udongo mwekundu ukiwa mnene kuliko urefu wa meno, meno hayakutani tena, na unachobaki nacho ni nguvu ya udongo mbichi.

Kwako wewe hata kuteleza si hofu ya kwanza. Kilichoko kati ya ufa na bahari ni upana wa mita 2.5, na mita 1.2 za chini yake hazipo. Karibu nusu yake inaning'inia. Pande hilo lihesabu kama limekwisha kuanguka, ni siku tu haijafika. Baada ya hapo uso mpya wa ukingo utakuwa ni huo ufa, na nguzo zako za mbele zitakuwa mita 1.5 kutoka kwenye jabali jipya.

Kabla hujarudi kwa msimamizi, nakuomba tarakimu hizi. Tobolesheni mche mmoja angalau wa mita 3 chini ya ganda, ujumlishe urefu wa vipande vyote vyenye sentimita 10 au zaidi, ugawanye kwa urefu uliotobolewa. Hiyo ni RQD, kipimo cha ubora wa mwamba alichokibuni Deere. Kisha pima nyufa zenyewe kwa mkono: urefu, uwazi, ukwaruzo, kilichomo ndani, na kuoza. Chukua sampuli za jiwe la chini, siyo la ganda, na zipimwe zikiwa zimelowa, kwa sababu hapo zitaishi zimelowa.

MwashiWaAmu, Lamu

Salamu kutoka Amu. Mimi si mhandisi, ni mwashi, na mawe yetu hapa yanatoka Manda, ng'ambo tu ya mlango wa bahari. Nataka kumwongezea dada jambo moja ambalo mzee hakulitaja.

Huku kwetu watu wa kale walitenganisha mawe mawili. Lile lililochongwa likiwa bichi, limetoka baharini, ni laini na jepesi, ndilo lenye nakshi na vidaka. Lile la nchi kavu lililochimbwa ndilo la kuta. Wageni huyaita yote matumbawe, lakini hayafanani hata kidogo, na hata hilo la nchi kavu lina tabia yake. Juu limekauka likawa gumu kama chuma kwa sababu mvua imeyeyusha chokaa na kuigandisha tena juu juu. Ukiingia ndani linalainika. Na mvua ile ile iliyogandisha juu imekula chini, ikaacha mapango. Mengine ngumi haiingii, mengine mtu anakaa.

Nilikuwa kijana nikisaidia kuchimba birika la maji. Tulifika kama mita mbili, jiwe zuri, tukafurahi. Mwenzangu akashusha mtaimbo na mtaimbo ukapita ukazama wote, akabaki ameshika hewa. Chini yetu kulikuwa na tundu ambalo kamba ya pima haikugusa mwisho wake mara ya kwanza. Tangu siku hiyo sijamwaga zege juu ya jiwe la pwani kabla ya kuligonga. Unagonga na mtaimbo mzito, hatua kwa hatua, kama unavyochagua nazi. Jiwe zima linalia kwa sauti kali na mtaimbo unaruka. Jiwe lenye tundu linaitika kwa sauti nzito na mtaimbo unatulia. Sikio halikupi kipimo cha tundu, hilo ni kweli. Lakini linakuambia mahali pa kutoboa.

Kwa hiyo dada, nyufa zihesabu, lakini chini ya kila nguzo toboa.

BintiTimbo

Shikamoo mzee. Na wewe mwashi, shukrani sana. Nimenyamaza wiki mbili kwa sababu nilikuwa natafuta hizo tarakimu. Nilimwomba msimamizi siku moja ya mashine ya kutobolea na alikubali, nafikiri kwa sababu nilimwonyesha mfano wa 70, 50 na 30.

Tumetoboa mche mmoja katikati ya kiwanja. Ganda ni mita 1.15. Chini yake nimechukua mita 3 na vipande vyenye sentimita 10 au zaidi jumla yake ni sentimita 135, kwa hiyo RQD ni asilimia 45. Nina wasiwasi nayo kidogo: vipande vingine mipasuko yake ilikuwa mibichi na myeupe, nikaona ni mashine iliyovunja, nikaviunganisha kabla ya kupima. Sijui kama nimefanya vyema.

Nyufa nimezipima ukingoni, kwenye tabaka hilo la chini, ishirini na tatu kwa jumla. Ufa wa kawaida una urefu wa kati ya mita 1 na 3, uwazi wa milimita 2 au 3. Nyuso zinakwaruza, ukipitisha kiganja unaumia. Ndani mna udongo mwekundu laini usiofika milimita 5. Kuoza ni kwa wastani, rangi imebadilika na ukucha unakwangua kidogo. Kati ya ufa na ufa ni sentimita 15 mpaka 20.

Sampuli za chini zimepimwa zimelowa siku tatu: megapaskali 5, 6 na 7.

Jambo jingine. Shimo la mche tuliliacha wazi nikawa napima maji kila saa. Yanapanda na kushuka na bahari, yamechelewa kidogo tu. Siku ya maji mafu yalicheza kwa sentimita 40 hivi, siku ya bamvua zaidi ya mita moja.

Na nimegonga, mwashi. Nguzo kumi na moja zinalia. Ya saba imeitika vile ulivyosema. Kesho tunaitoboa.

MzeeMwamba

Marahaba mwanangu. Kuunganisha vipande vilivyovunjwa na mashine ni sahihi kabisa, na ni wachache wanaokumbuka. RQD inahesabu mipasuko ya Mungu, haihesabu ya fundi. Matumbawe yana matundu matundu, mashine huyavunja ovyo, na mtu asiyeangalia rangi ya mpasuko anaweza kupata 20 mahali penye 45.

Hesabu yako ni hii. Bieniawski katika mfumo wake wa 1989 wa kupanga ubora wa miamba anatoa alama kwa hali ya nyufa, mambo matano, kila moja juu ya 6. Urefu wako unapata 4, uwazi 1, ukwaruzo 5, udongo laini 2, kuoza 3. Jumla 15 juu ya 30. Hoek, Carter na Diederichs walipendekeza mwaka 2013 kwamba GSI ni mara moja na nusu ya alama hizo, ukijumlisha na nusu ya RQD. Hiyo ni 22.5 na 22.5, jumla 45. Nyufa za sentimita 15 hadi 20 chini ya kitako cha mita 1.5 zinakupa vipande kama vinane hadi kumi kwa upana. Hili ni gunia, unaruhusiwa kutumia njia hii.

Kwa jiwe la megapaskali 6 na GSI 45, mwamba usiobanwa ubavuni una nguvu ya kilopaskali 270. Mzigo wako ni 400. Soma tena hapo ukiwa umekaa na msimamizi: ile akiba ya mara 37 imekuwa upungufu.

Lakini usikimbilie kusema nyumba haijengeki, maana kuna nusu ya pili. Kitako kilicho katikati ya kiwanja kimezungukwa na mwamba pande zote. Mwamba wa chini ukitaka kufura, wa pembeni unaukatalia. Kanuni ya Hoek na Brown imeandikwa kwa ajili ya hilo hilo, kwamba mwamba uliovunjika ukibanwa kidogo tu unaongezeka nguvu kwa kasi. Nimeifanya kwa njia ya chini kabisa, kwa kigezo cha aina ya jiwe, ambacho kwa chokaa nimekichukua kuwa 10, na ambapo mwamba wa pembeni unabana kwa nguvu yake ile ndogo ya kusimama peke yake na si zaidi. Nimepata karibu kilopaskali 1,770 kabla ya kushindwa. Gawanya kwa 3 kwa usalama, ni 590. Kwa hiyo nguzo kumi za ndani zinapita na 400 yake, na nafasi inabaki.

Zile mbili za mbele hazina mtu wa kuzishika upande wa bahari. Pande la nje ya ufa tumekwisha kulitoa hesabuni. Hapo tarakimu yako ni 270 bila hata kugawanya kwa chochote, na maji ya bamvua yanaingia na kutoka yakibeba udongo wa kwenye nyufa kila mwezi. Kupanua vitako vyake hakutoshi, kwa sababu kitako kipana kinasogea zaidi kwenye ufa. Zirudishwe nyuma. Kama mwenye nyumba anataka baraza, ijengwe kwa boriti za zege zinazotokeza kutoka nguzo za ndani, au iwe ya mbao nyepesi isiyoshikana na nyumba, ya kuvunjwa siku bahari ikiitaka.

Na ganda, mwanangu, kwa nini mlivunje? Kitako kikikaa nusu mita badala ya mita 1.2, unabaki na sentimita 65 za jiwe la megapaskali 15 zinazoutawanya mzigo kabla haujafika kwenye tabaka bovu. Usiliingize kwenye hesabu, maana lina nyufa zake. Liache tu lifanye kazi.

BintiTimbo

Nguzo ya saba: tumetoboa mashimo manne, moja kila pembe ya kitako. Mawili hayakukuta kitu mpaka mita 3. Mawili ya upande wa bahari yamepita kwenye uwazi kutoka kina cha mita 2.1 hadi 2.7. Tumeteremsha taa kwa waya, kuna pango dogo, linakwenda kama mita moja na nusu kuelekea ukingoni na sakafu yake ina mchanga wenye maji. Tumekubaliana kufungua juu, kuosha udongo na kulijaza zege, halafu kutoboa tena kuona kama limejaa.

Faili nimelipeleka mwenyewe. Sikuanza na fomula. Nilimchukua msimamizi chini ya ukingo maji yalipokupwa, nikamsimamisha kwenye ule mdomo, nikamwomba atazame juu. Akatazama kimya kwa muda. Kisha akaomba karatasi za hesabu, tukazipitia juu ya boneti ya gari mpaka mwadhini akaadhini alasiri.

Nguzo za mbele zimerudi nyuma mita 5, sasa ziko mita 9 kutoka ukingoni. Vitako vyote vinakaa sentimita 50. Mwenye nyumba amekubali baraza ya mbao.

Baba nimempigia simu nikamsomea zile alama tano, urefu, uwazi, ukwaruzo, udongo, kuoza. Akaniuliza mbona hawakuweka mizizi.

MzeeMwamba

Mwambie ana haki. Mzizi wa mvinje unaingia kwenye ufa ukiwa uzi na kuupanua kila mwaka. Ukatwe ule ulio kwenye ufa mrefu, na kisiki kisitolewe kwa kuvutwa na trekta. Halafu weka alama mbili za rangi, moja kila upande wa ufa, upime umbali wake kila bamvua na uuandike.

BintiTimbo

Alama nimeziweka leo asubuhi, jozi tatu. Ya kwanza milimita 212, ya pili 198, ya tatu 240.